Kuingia Mapango ya Ndovu ya Mlima Elgon: Mwongozo Kamili

Wengi wanaopita Kitale huuona Mlima Elgon kwa mbali tu, umelala upande wa magharibi kama bonge la wingu la buluu, kisha wakaendelea na safari zao. Mlima huu hauna kilele cha theluji kinachoita wapigapicha. Utajiri wake uko ubavuni, ndani ya msitu: mapango yanayoingia chini ya mlima, ambamo ndovu wamekuwa wakichimba kuta kwa pembe zao, kizazi baada ya kizazi, wakitafuta chumvi gizani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuingia mapango hayo, hasa Kitum, akitoka na afya yake na akiwa ameelewa alichokiona. Mapango haya yana wenyewe wawili, ndovu na popo. Karibu kila ushauri utakaousoma hapa, kuanzia saa ya kuingia hadi aina ya viatu, umetokana na hao wawili.

Fahamu kwanza unakwenda kuona nini

Elgon ni volkeno ya kale iliyozimika, iliyoanza kutema moto mamilioni ya miaka kabla Kilimanjaro haijainuka. Mpaka wa Kenya na Uganda unapita juu yake. Kilele kirefu kuliko vyote, Wagagai chenye mita 4,321, kiko Uganda. Upande wa Kenya wapandaji wengi huenda Koitobos, mita 4,222. Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, upande huu wa Kenya, ilitangazwa rasmi mwaka 1968 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 169, katika kaunti ya Trans Nzoia.

Mtu aliyezoea mapango ya Shimoni au ya pwani kwa jumla atatarajia mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji, yenye nguzo zinazoning'inia darini. Elgon si hivyo. Mwamba wake ni majivu na mawe ya volkeno yaliyogandamana yakawa kitu kimoja, laini kuliko jiwe la kawaida, na ndani yake mna chumvi za sodiamu. Maji ya chini ya ardhi yaliuanza mmomonyoko, na wanyama wakauendeleza.

Kwa nini ndovu ahangaike hivyo? Mvua za mlimani ni nyingi, nazo huosha chumvi kutoka udongoni, hivyo majani ya msitu huu hayampi sodiamu ya kutosha. Mwambani ipo. Basi ndovu huingia pangoni, mara nyingi usiku, wakitangulia na mkonga kupapasa njia kwa sababu hakuna mwanga wowote. Wakifika ukutani hukita pembe, hubandua kipande, hukiokota kwa mkonga na kukisaga kwa magego. Nyati na pongo huja kulamba makombo. Hata wafugaji wa jamii za Sabaot walipeleka ng'ombe wao humo kwa ajili ya chumvi hiyohiyo, na familia za Wakony, mojawapo ya jamii hizo, ziliishi katika mapango ya mlima huu pamoja na mifugo yao. Joseph Thomson, mpelelezi Mskoti aliyefika mwaka 1883, alishindwa kuamini kwamba mashimo makubwa namna ile yangeweza kufanywa na watu wa hapa, akawafikiria Wamisri wa kale. Jibu lilikuwa likipita msituni kwa miguu minne.

Nakueleza haya mapema kwa sababu ukiingia Kitum bila kuyajua, utaona pango kubwa lenye vumbi na harufu ya popo, upige picha mdomoni, na utoke baada ya dakika kumi. Ukiyajua, utatazama kuta.

Msimu na idadi ya siku

Nenda kati ya Desemba na Februari ukiweza. Mvua za magharibi mwa Kenya huanza Machi au Aprili na huendelea hadi katikati ya mwaka na kupita, na barabara za ndani ya mbuga ni udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni ukilowa. Ukilazimika kwenda wakati wa mvua, panga kuingia mapangoni asubuhi, kwa kuwa mvua ya mlimani hupenda kuanza mchana.

Siku moja kamili inatosha kwa mapango mawili na matembezi msituni, mradi uwe umelala Kitale au langoni. Mimi ningekushauri siku mbili. Anayekuja kutoka Nairobi na kutaka kurudi siku inayofuata atatumia muda mwingi ndani ya gari kuliko mlimani.

Malipo na vitambulisho

Mbuga inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Usifike langoni na pesa taslimu ukidhani utakata tiketi. Malipo hufanywa kwa mtandao kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, na unaweza kulipa kwa M-Pesa. Fungua akaunti ukiwa nyumbani, maana kuifungua langoni kwenye mtandao unaokatikakatika ni mateso. Viwango hutofautiana kwa raia wa Afrika Mashariki, wakazi na wageni kutoka nje, na watoto wana kiwango chao. Tazama bei siku unayolipa, kwa kuwa hubadilishwa. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, kwani bila hicho huwezi kuthibitisha kiwango ulicholipia. Gari hulipiwa kando, na askari wa kukusindikiza pia hulipiwa kando.

Kuhusu askari huyo, usisite. Hii ni miongoni mwa mbuga unazoruhusiwa kutembea kwa miguu, lakini pangoni usiingie peke yako. Anajua kusoma nyayo na samadi, na anajua ni pango gani halifai siku hiyo. Mpigie KWS simu kabla ya kusafiri uulize kama mapango yako wazi.

Kufika Chorlim

Kutoka Nairobi njia ni Nakuru, Eldoret, Kitale, safari ya karibu kilomita 380 inayochukua siku nzima kwa basi au matatu. Anayependelea ndege hutua Eldoret, kisha huendelea kwa barabara hadi Kitale. Kitale ndipo pa kununua chakula, kujaza mafuta na kutafuta tochi iliyosahaulika, kwa sababu mbele yake maduka ni madogo.

Kutoka Kitale unafuata barabara ya Endebess, kisha unaacha lami kuelekea lango la Chorlim, ambalo ndilo lango kuu. Matatu za Endebess zipo, na bodaboda humalizia kipande kilichobaki. Lakini ndani ya mbuga kuna kilomita kadhaa za kupanda hadi mapangoni, kwa hiyo asiye na gari aelewane na dereva wa Kitale kwa siku nzima, na waafikiane bei kabla hawajaondoka. Gari liwe lililoinuka juu ya ardhi na lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Wakati wa kiangazi gari dogo linaweza kufika likiwa na dereva mzoefu, ila mvua moja ya mchana itakulaza huko.

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Ukitaka kulala ndani, kuna mabanda ya Kapkuro ya KWS, na kambi za mahema za Chorlim, Nyati na Rongai. Kitum yenyewe iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400. Usiku ni baridi kweli, na anayetoka Mombasa au Kisumu na fulana moja atakesha.

Vitu vya kubeba

Tochi ndiyo inayobeba safari nzima. Chukua mbili: moja ya kichwani ili mikono ibaki huru, nyingine ya mkononi yenye mwanga mkali wa kumulika kuta na dari, pamoja na betri za akiba. Simu isihesabiwe. Niliwahi kuingia na kikundi ambacho nusu yake kilitegemea simu, na tulipofika katikati ya pango mwanga ule ulimezwa na giza kabla haujafika ukutani. Tukarudi bila kuona alama hata moja ya pembe.

Viatu viwe buti zilizofunika kifundo cha mguu, zenye soli ya kushika, kwa sababu sakafu ina mawe yaliyoporomoka kutoka darini, vumbi zito na sehemu zenye maji. Vaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu, na kofia yenye ukingo ambayo huoni hasara kuifua mara moja. Ongeza glavu, barakoa inayobana vizuri usoni, sabuni, galoni ya maji ya kunawia ibaki garini, na mfuko wa nailoni wa kutia viatu na nguo baadaye. Koti la mvua halikosi kazi Elgon mwezi wowote.

Popo na homa ya Marburg

Sehemu hii isome mara mbili, kwa sababu inahusu maisha.

Katika Kitum hulala popo wengi wa matunda, wale wenye macho makubwa wanaotoka jioni kutafuta chakula. Mwaka 1980 mtu mmoja aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya alitembelea pango hili, akaugua homa ya Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, na kufariki Nairobi. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa lakini akapona. Mwaka 1987 kijana wa miaka 15 kutoka Denmark naye aliugua baada ya kuingia Kitum, akafa. Wakati huo hakuna aliyejua virusi hivyo vilitoka kwa nani. Miaka mingi baadaye wanasayansi walithibitisha kwamba popo hao wa matunda ndio hubeba virusi vya Marburg bila wao wenyewe kuumwa. Mwaka 2008 watalii wawili waliugua baada ya kutembelea pango jingine la popo nchini Uganda, katika Mbuga ya Queen Elizabeth, na mmoja wao akafariki.

Watu wengi wameingia Kitum tangu wakati huo na kutoka salama. Hata hivyo ugonjwa huu huua, na kujikinga hakugharimu kitu kikubwa. Usiguse popo, awe hai au mfu. Usishike ukuta wala jiwe kwa mkono mtupu pale penye kinyesi chao. Vaa barakoa, kwa kuwa vumbi la kinyesi cha popo linaweza pia kubeba kuvu wanaoshambulia mapafu. Usile, usinywe, usivute sigara wala kujipangusa uso ukiwa ndani. Usisimame chini ya kundi la popo ukiwa umeinua uso na kuacha mdomo wazi kwa mshangao. Mwenye kidonda kibichi, mjamzito, mwenye pumu au kinga dhaifu abaki mdomoni mwa pango, ambapo kuna mengi ya kutazama. Watoto wadogo, kwa maoni yangu, wasipelekwe ndani, maana mtoto hugusa kila kitu kisha hutia vidole mdomoni.

Kuingia Kitum, hatua kwa hatua

Fika asubuhi, jua likiwa limepanda kidogo. Ndovu huja zaidi usiku, na saa hiyo kama walikuwepo wameshaondoka. Gari huachwa chini, kisha unapanda kwa miguu njia fupi kati ya miti mikubwa. Angalia juu: mbega wenye manyoya meupe mgongoni hupenda hapa. Angalia chini pia. Njia hiyo ni pana kuliko inavyohitajika kwa watu, kwa sababu walioifungua si watu.

Kabla ya kukaribia, vaeni barakoa na glavu na mnyamaze. Ukifika nyumbani kwa mtu unapiga hodi, unangoja. Hapa hodi ni kusimama nje ya mdomo wa pango dakika tano, askari akitazama nyayo na samadi. Samadi yenye unyevu, matawi yaliyovunjwa yakiwa bado yanatoa maji, au harufu nzito ya nyati humaanisha kungoja, na pengine kurudi. Akisema turudi, rudini. Ndovu aliyekutwa ndani hana mlango mwingine wa kutokea zaidi ya huo mliosimama ninyi. Tangu ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 ndovu wa Elgon wamepungua sana na ni waoga, kwa hiyo huenda usione hata mmoja.

Askari atangulie. Ingieni hatua chache tu, kisha simameni hadi macho yazoee. Mdomo wa Kitum ni mpana na mwanga hufuata mbali kiasi, lakini pango linaingia mlimani kama mita 200, na upinde wa mwanga hukatika ghafla kuliko unavyotarajia. Katikati kuna mawe makubwa yaliyoanguka kutoka darini. Zungukeni, msiyapande. Kuna pia ufa mrefu ambamo imesemwa ndovu wachanga wamewahi kutumbukia, nawe usivuke mstari ambao askari anakuonyesha.

Sasa nendeni ukutani. Shusha tochi iwe karibu kulala na mwamba, mwanga upite kwa ubavu badala ya kugonga moja kwa moja, na alama zitajitokeza: mikwaruzo mirefu, mingine sambamba, mingine imepishana, iliyoachwa na pembe. Pima kwa macho urefu wake kutoka sakafuni. Zile za chini ni za wadogo waliokuja na mama zao. Sehemu nyingine utaona chembe nyeupe za chumvi zinazong'aa mwambani. Inua mwanga darini utafute magogo yaliyogeuka mawe, miti iliyofukiwa na majivu ya volkeno zamani mno. Hilo la magogo wageni wengi hulikosa, nami hulirudia kila nikienda.

Popo wamulike kwa upande na kwa muda mfupi. Mwanga mkali ukiwakazia huruka kwa kishindo, watoto wao huwaponyoka, na wewe unanyeshewa mkojo na kinyesi, yaani jambo lile hasa unalolikwepa. Mmweko wa kamera uzimwe. Picha nzuri za Kitum hupatikana kwa kusimama ndani na kutazama nje, miti ya msitu ikiwa ndani ya fremu ya mdomo wa pango.

Kabla ya kutoka, mkiwa mahali salama na askari ameridhia, simameni wima msisogeze miguu, mzime tochi zote kwa dakika moja. Giza la humo halina kingo. Mkono wako mbele ya uso haupo. Sikiliza maji yakidondoka na popo wakinong'ona, kisha fikiria mnyama wa tani kadhaa akipita katikati ya mawe yale bila taa, mtoto wake nyuma, akiongozwa na ncha ya mkonga na kumbukumbu ya mama aliyemleta mara ya kwanza. Washeni taa polepole, mkianza na ile dhaifu.

Dakika 40 hadi saa moja zinatosha ndani. Usiokote jiwe wala kipande cha gogo, na usichore jina. Kucha za binadamu tayari zimeacha alama nyingi zisizo za lazima humo.

Mkitoka, vueni glavu kwa kuzigeuza nje ndani, halafu barakoa, kisha nawieni sabuni na maji mengi kabla ya kugusa chupa ya maji au mkate. Piga buti chini kuondoa udongo, zitie katika mfuko, vaa viatu vingine. Nguo zifuliwe peke yake kwa sabuni.

Makingeny na mengine

Pango la Makingeny haliko mbali na Kitum, na mdomo wake, kwa macho yangu, ndio mzuri kuliko yote. Maporomoko madogo ya maji huanguka mbele yake kama pazia, na baada ya mvua pazia hilo huwa zito. Ukiwa na muda wa mapango mawili tu, anza na Kitum kwa ajili ya kuta, umalizie Makingeny kwa ajili ya maji. Mawe ya mlangoni yana ukungu wa kijani na yanateleza, basi tembea kama uliyebeba mtungi. Chepnyalil na Ngwarisha hutembelewa na wachache. Mwulize askari hali ya njia siku hiyo.

Ukiwa na siku ya pili

Panda hadi Endebess Bluff kutazama mashamba ya Trans Nzoia yakienea chini. Mwenye miguu na mapafu aende Koitobos: gari hupanda kupitia msitu wa mianzi hadi barabara inapoishia, kisha ni miguu, katikati ya mimea ya lobelia mikubwa kuliko mtu. Huko juu ya mita 4,000 kichwa huuma, kwa hiyo usiende asubuhi ya kwanza baada ya kutoka tambarare. Anayetaka siku nyepesi ashuke Saiwa Swamp, mbuga ndogo kuliko zote za kitaifa nchini, ambako unatembea kwenye njia za mbao ukimtafuta nzohe, swala wa kinamasini, majini.

Ukisharudi nyumbani

Andika tarehe uliyoingia pangoni katika simu, na uweke kikumbusho cha siku 21. Homa ya Marburg hujitokeza kati ya siku 2 na 21. Ukipata homa ya ghafla, kichwa kuuma sana, maumivu ya misuli, kutapika au kuharisha ndani ya muda huo, nenda hospitali mara moja. Yaelekea itakuwa malaria, na ndivyo kila mtu atakavyodhani. Kwa hiyo usingoje kuulizwa: piga simu kabla ya kufika, au mwambie mtu wa kwanza unayekutana naye mlangoni, ukiwa umesimama mbali kidogo, kwamba uliingia pango la popo Mlima Elgon, na umtajie tarehe.